Mikorosho ya Kiwanjani

Newala ni mji wa mchanga. Wageni wakija husifu upepo, husifu baridi ya asubuhi, husimama pale ukingoni ambapo nchi inakatika ghafla na kuteremka hadi bonde la Ruvuma, wakatikisa vichwa kwa uzuri wake. Mchanga hawauoni mpaka viatu viwajae. Sisi wenyeji tunaujua kwa miguu. Ukitoka bombani na ndoo kichwani, unapiga hatua na mchanga unakurudisha nusu yake nyuma. Mtaani kwetu pahali pamoja tu palikuwa na ardhi ngumu na tambarare, napo ni kiwanjani.

Kile kiwanja hakuna mtu aliyekijenga. Kilishindiliwa na nyayo. Kabla sijazaliwa watu walikuwa wakicheza pale ngoma za kuwatoa wali wa jando na unyago, mwaka hadi mwaka, mpaka mchanga wake ukashikana ukawa sakafu. Mpira ulikuja baadaye. Siku ya Idd watoto walizunguka pale na nguo mpya, na siku ya Krismasi vilevile, maana kwetu ngoma ikishalia hakuna anayeuliza sikukuu ni ya nani. Nyumba yetu ilitazamana na kiwanja. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, cherehani yangu nimeiweka barazani, kwa hiyo kila lililotokea pale nililiona mguu wangu ukiwa kwenye pedeli.

Mama yangu yeye hakutosheka na kuona. Kukiwa na mechi aliburuta kigoda chake mpaka mstarini, akamsuta refa tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Sheria za mpira hakuzijua hata moja. Alichokijua ni nani amemwangusha mtoto wa nani, na hilo kwake lilitosha kumtoa mtu uwanjani. Marefa walimwogopa kweli, na wengine walipita kwetu kabla ya mechi kumwamkia, ili awahurumie.

Miaka ile mambo yalipoanza kuwa ruksa, maduka yakafunguliwa kila kona, mitumba ikashuka kwa marobota na kuniharibia kazi. Nani akashone gauni wakati la Ulaya liko chini linasubiri kuchambuliwa? Nikabaki mtu wa kupunguza suruali za watu, kubadili zipu na kushona sare za shule. Ndiyo miaka hiyo akaletwa wilayani kijana mmoja wa mipango miji. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mipango. Alikuwa mwembamba, mpole, kwao ni mbali, na ramani zake alizibeba ndani ya bomba la plastiki alilolitundika begani.

Aliitisha mkutano akatueleza kwamba mji unakua, viwanja vitagawiwa, na tusipoangalia tutakuja kuishi ukuta kwa ukuta bila pa kupumulia. Akauliza tungependa mahali pa mapumziko pa namna gani. Kwetu kupumzika ni kukaa chini kazi ikiisha, hakuna aliyewahi kuulizwa akae wapi. Basi akatoa wazo lake mwenyewe, kwamba yawekwe mabenchi kule ukingoni, jioni watu wakakae na watoto wao walitazame bonde.

Wanawake tulicheka mpaka kanga zikatulegea. Bonde hilo ndilo mama zetu waliloliteremka alfajiri kufuata maji, wakalipanda na mitungi jua likiwa limeshakuwa kali, na hadi leo pampu ikiharibika tunarudi kulekule. Nani akae benchi alitazame? Mama akamjibu, kwa ule upole wake ambao haukuwa upole, kwamba mwanangu, mteremko ule tumeutazama vya kutosha, na kuupanda tumeupanda. Bwana Mipango naye akacheka, akajicheka mwenyewe, na hapo ndipo nilipompenda. Akakunja ramani yake upande wa ukingo akauliza, sasa ni wapi? Watu wote wakanyoosha vidole kiwanjani.

Hivyo ndivyo kiwanja chetu kilivyoingia kwenye ramani, kwamba ni eneo la wazi, la michezo na mapumziko, lisijengwe. Kilichopungua kilikuwa kivuli. Bwana Mipango akaleta miche ya miti ya mapambo kutoka Masasi, akaipanda kwa mikono yake, akatukabidhi tuimwagilie. Yote ilikufa. Hakuikataa mtu, lakini ndoo uliyoipangia foleni tangu asubuhi huwezi kuja kuimwaga kwenye mti usioliwa. Alipokuja kuikuta imekauka alisimama pale akiwa amekata tamaa, ndipo Mama akamwambia asihangaike, tupande mikorosho. Mkorosho hauombi maji, na kivulini mwake mnalala watu kumi. Watu wakasema kweli kabisa, mbona hatukuliwaza hilo mapema.

Mvua za kwanza zilipoanguka kila nyumba ilileta mbegu yake. Watu walichagua korosho nono kutoka mashambani kwao. Wengine walizitoa Mkunya kwa wajomba, na Mama aliagiza kwao Chilangala, kwenye mti aliouacha bibi yangu. Kila mmoja alichimba shimo akielekea mlango wake, akachomeka kijiti cha alama. Tuliimba, watoto wakarukaruka kwenye tope, Bwana Mipango akatushukuru kwa kujitolea kwetu.

Kosa tulilifanya pale pale, tena kwa furaha. Kwetu mti ni wa aliyeupanda. Unaweza kuwa na mikorosho yako kwenye shamba la mjomba au la jirani. Ardhi ni ya kwake, mti ni wako, na msimu ukifika unapiga hodi kwake, unaingia, unaokota korosho zako. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Bwana Mipango hakulijua na hakuuliza. Sisi hatukumwambia, kwa sababu mtu hamwelezi mgeni kwamba maji yanalowesha. Yeye alirudi ofisini akiamini mtaa umepanda miti ya kiwanja, kumbe kila nyumba ilikuwa imepanda mti wake.

Waliochelewa walikuta pembezoni pamejaa. Mmoja wao ni jirani yetu, mwanamke mdogo kwangu, ambaye kwa kuwa alizaa mapacha mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Yeye na mumewe walipanda mitatu kwa ndani kidogo, karibu na goli la upande wetu, na hakuna aliyewakataza. Mumewe alifariki mikorosho hiyo ikiwa kimo cha goti. Ndugu wa mume wakaja wakachukua shamba, wakachukua na baiskeli. Mikorosho ya kiwanjani ilikuwa mjini, hawakuikumbuka, ikabaki kwake.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Miti ilinyanyuka, ikafungua matawi, watu wakahamia chini yake na bao, na misuko ya nywele, na mbaazi za kuchambua. Hata mimi nilihamishia cherehani pale siku za jua kali. Bwana Mipango alikuja na wakubwa zake kuwaonyesha, na wakubwa wakasifu.

Kisha Mama akaanguka. Alikuwa akitwanga kisamvu uani, nikasikia mchi umeacha kulia, nikadhani kuna mtu kaja kupiga naye soga. Nilipochungulia nilimkuta kalala kwa ubavu, mdomo umekwenda upande, jicho moja linaniuliza. Tulipata nafasi kwenye lori, tukashuka naye mlima, tukapita Masasi, tukamfikisha hospitali ya Ndanda kwa masista. Ni kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Na maneno yalikuwa yamekwenda. Mama yangu, aliyewatoa marefa jasho, alinitazama bila neno, nami nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko la wauguzaji.

Walimshughulikia vizuri mno. Walimfundisha kukaa, kisha kusimama, kisha kuburuta mguu akishika bega la mtu. Siku ya kututoa, sista aliyekuwa akimfanyisha mazoezi aliniweka kando. Akaniambia nitafute pahali pagumu na tambarare, nimtembeze kila siku bila kuruka hata moja, na nijitahidi awe ametengemaa kabla mvua hazijaanza, maana kwenye utelezi hatathubutu tena. Nikamwambia kwetu ni mchanga mtupu. Akatikisa kichwa. Kwenye mchanga ataanguka, akasema, na akianguka ataogopa, na mguu ukikaa bila kazi ndiyo basi.

Tukarudi nyumbani. Mtu angedhani kinachomuuma Mama ni mkono, au ulimi. Kilichomuuma ni choo. Choo chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, unavuka ua wa mchanga kukifikia, na njia ilikuwa moja tu, kwamba nimbebe mgongoni. Mwanamke aliyenibeba mimi, na akabeba wajukuu, na maji ya bondeni, sasa nambeba mimi kama mzigo wa kuni, naye kila mara alivuta kanga akajifunika uso, asiuone ua ukimwona. Kimakonde kilimrudia kabla ya Kiswahili, na sentensi yake ya kwanza nzima aliniambia tukitoka huko, mdomo karibu na sikio langu.

"Nataka niende chooni peke yangu," alisema. "Nikifa, nife mtu mzima."

Nikamwambia utakwenda, Mama. Ahadi nilizowahi kutoa ni nyingi na nyingine nimezisahau. Ile sikuisahau hata nikiwa usingizini.

Nikaazima toroli ya fundi ujenzi wa mtaani. Kila asubuhi nilimpakia Mama, nikamsukuma kwenye mchanga mpaka kiwanjani, nikamshusha chini ya mkorosho wake wa mbegu ya Chilangala. Siku ya kwanza watoto walitufuata wakicheka, na Mama naye akacheka na nusu ya mdomo iliyokuwa inafanya kazi. Tulianzia shinani mwa mkorosho wake kuelekea golini, mkono wake begani kwangu, fimbo mkono wa kushoto. Mwanzo hatukufika hata mwisho wa kivuli. Baadaye tukafika juani. Baadaye tukaipita miti ya Mama Pacha, tukagusa mlingoti wa goli, tukarudi. Kipande kile ndicho kilichokuwa kimenyooka kama meza, kwingine kote wachezaji walikuwa wamekuchimbua kwa njumu. Alipoanza kuburuta mguu kidogo na kuunyanyua zaidi, niliona kwa macho yangu kwamba ahadi yangu inawezekana.

Basi msimu huohuo wakaja wanunuzi. Tangu zamani korosho tuliuza chama cha msingi, ukalipwa wakikumbuka. Sasa ikawa ruksa mtu binafsi kununua, na wakapanda na magari yao, wakakaa barabarani na mizani, anayeleta anaondoka na pesa mkononi. Sijawahi kuona watu wakibadilika kwa wiki chache vile. Kiwanjani, mti uliokuwa kivuli ukawa mkorosho. Watu wakaanza kufagia chini ya miti yao, maana korosho ikianguka lazima uione. Bao likafukuzwa. Mpira ukigonga maua, mwenye mti anatoka ndani na fimbo. Kisha likaja wazo la miba. Mmoja akakata matawi ya miba akazungushia mti wake, kesho yake wa pili, na kabla hujakaa sawa kiwanja kizima kikawa maboma matupu. Mipira ilitoboka, watoto wakahamia kucheza barabarani mbele ya malori.

Siwalaumu, na hata wakati ule sikuwalaumu. Mimi mwenyewe niliokota korosho za mti wa Mama nikaziuza na nikafurahi. Mitumba ilikuwa imeniacha mkavu. Ila sikuzungushia miba, na kila asubuhi nilipomshusha Mama kwenye toroli nilitazama kipande chetu nikimwomba Mungu kibaki.

Asubuhi moja hakikubaki. Mama Pacha alikuwa ameunganisha miti yake mitatu kwa miba, boma moja kubwa, kutoka mstarini hadi golini. Njia yetu ilikatikia hapo, tukiwa hatujafika hata nusu.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata leo. Nilimwacha Mama amejiegemeza kwenye fimbo, nikamwita yule mwanamke nje, nikamwambia. Nilimwambia kwamba hana haya, kwamba amempanda mtu mgonjwa kichwani, kwamba hata wakwe zake walikuwa na haki ya kumnyang'anya. Hilo la mwisho lilimpata, nililiona likimwingia. Watu walitoka kusikiliza. Yeye hakupandisha sauti.

"Dada, watoto wangu wamefaulu wote wawili," alisema. "Nitawapeleka na nini?"

Nikazidi kukasirika. Siku hizo shule zilikuwa zimeanza kudai michango ya kila namna, hilo nilijua, mimi ndiye niliyeshona sare za watu. Na alivyomaliza kusema hivyo, Mama Pacha akamgeukia Mama, akapiga goti kidogo kule ndani ya miba yake, akamwamkia shikamoo. Mama akahangaika na ulimi wake, akaitikia marahaba. Nikaona huyu mtu ananifanyia makusudi. Kumbe hakuwa akifanya makusudi. Kila asubuhi aliendelea hivyohivyo, kumwamkia kutoka ng'ambo ya miba, na kila asubuhi Mama alimwitikia, wakati mimi natazama pembeni.

Tukabaki na kipande kifupi. Unamtembeza kidogo, unamgeuza, kidogo, unamgeuza. Kugeuka ndiko kulikokuwa kunamshinda, mguu ulijikwaa, kichwa kikamzunguka, na siku moja akaanguka kweli, akakaa chini hataki kunyanyuliwa. Huku mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Msumbiji kila alasiri. Niliyatazama mawingu yale kwa chuki.

Ndipo Bwana Mipango akaitisha mkutano palepale kiwanjani. Alikuja amekonda zaidi. Akatuambia kuna mfanyabiashara anaomba kiwanja chote ajenge ghala la korosho, na kwamba amekwenda ofisini na hoja ambayo yeye Bwana Mipango imemshinda kuijibu. Yule tajiri alisema hapa si mahali pa wazi, hapa ni mashamba ya watu, kila mti una mwenyewe na uzio wake, basi wenye miti walipwe fidia na yeye apewe eneo. Bwana Mipango akatusihi. Akasema kama tunataka kiwanja kibaki kwenye ramani, ni lazima miti isiwe ya mtu. Ama kila mmoja aukane wake mbele ya mkutano, ama ikatwe yote.

Hapo mkutano ukachafuka. Kumwambia mtu wa kwetu aukane mkorosho wake ni kumwambia akane mtoto. Wengine walisema bora fidia. Wengine walisema ikatwe ya wenzao kwanza. Wazee wakasema hawajawahi kusikia mti aliopanda mtu ukaitwa wa serikali. Na mimi nilisimama, nikasema kama ni kukata, waanze na ile mitatu iliyoziba njia, nikaonyesha kwa kidole. Mama Pacha alikuwa amesimama ndani ya boma lake na kikapu, akainamisha kichwa. Mkutano ulivunjika bila neno la kushika. Bwana Mipango alibaki amekaa kwenye mzizi, bomba lake la ramani mapajani, watu wamesimama vikundivikundi wakigombana.

Mama akanivuta kanga. Muda wake wa kutembea ulikuwa umefika. Nikamwambia leo tuache, watu wamejaa. Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama marefa, nami nikampa bega.

Tulitembea mbele ya mtaa mzima. Watu wakapunguza sauti, wakatupisha. Tulipofika kwenye miba nikaanza kumgeuza, akagoma. Aliukaza mkono begani kwangu, akasimama wima kadiri mwili ulivyomruhusu, uso umeelekea ndani.

"Hodi," akasema.

Ilitoka imelegea, lakini ilikuwa hodi. Nilidhani akili imemchanganyikia. Hakuna aliyeitikia. Mama Pacha alikuwa hatua chache tu mbele yetu, shinani mwa mti wake wa kati, ametutolea macho.

"Hodi," Mama akarudia.

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Nikajua akigeuka leo, mbele ya watu hawa, hatakubali tena kupakiwa kwenye toroli. Nikamwomba Mungu yule mwanamke niliyemtukana aseme neno. Mama akavuta pumzi.

"Hodi."

Mama Pacha akaweka kikapu chini. "Karibu, mama," akasema. "Pita." Akainama, akaanza kuvuta yale matawi ya miba kwa mikono mitupu, haraka, kama mtu aliyekuwa akilingoja hilo neno siku zote limwondolee mzigo. Alijichoma, damu ikamtoka kiganjani, hakuacha. Nikamwachia Mama fimbo peke yake, nikaenda kuvuta upande wa pili. Hatukutazamana.

Mama hakupita mara moja. Alisimama kwenye uwazi ule akatafuta maneno, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, na lile ndilo jambo refu kuliko yote aliyoyasema tangu aanguke.

"Mti ni wako, mwanangu," alimwambia. "Chini ni kwetu." Kisha akanyoosha fimbo nyuma, kuelekea mkorosho wake mwenyewe wa Chilangala. "Na wangu vilevile."

Akapita. Alikwenda mpaka golini, akagusa mlingoti, akarudi.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, isipokuwa mtu mmoja. Bwana Mipango alikuja kuniuliza maana yake nini, ikabidi nimweleze kile ambacho tungemweleza siku ya kupanda, kwamba mtu anaweza kuwa na mti kwenye ardhi ya mwingine, mti ukabaki wake na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Hapa mwenye ardhi ni kiwanja, yaani sisi na watoto. Hatuna haja ya kukana miti. Tuna haja ya kupiga hodi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa nini hatukumwambia tangu siku ya kwanza. Nikamwambia hukuuliza. Alicheka akajifuta uso, akaenda kuandika ofisini kwamba miti ni ya watu na ardhi ni ya wote, na jinsi alivyowashawishi wakubwa zake mimi sijui, ila kiwanja hakikufutwa.

Miba iliondoka, sio siku moja na sio yote. Watoto walikubaliana na wenye miti kwamba korosho iliyoanguka anayeiona anaisogeza shinani, haili. Chache hawakukosa kuzila. Nyumba mbili za kona ya juu hazikukubali lolote, walichukua fidia, kona hiyo ikakatwa kwenye ramani na ghala likajengwa hapo. Lipo hadi leo, mpira ukiingia humo ndiyo umekwenda. Lakini kipande chetu kilibaki wazi, na asubuhi moja nilikuta toroli haipo. Mama Pacha alikuwa amewahi, keshampakia Mama, wanakwenda wanacheka, wananisema mimi. Sare za wale pacha nilizishona mimi mwenyewe bure. Nilimchelewesha mama yao siku chache kabla ya kumkabidhi, maana na mimi nina moyo.

Mvua ya kwanza ilipiga alasiri, ikaacha ua umelowa na mchanga umeshikana vizuri. Nilikuwa barazani nafunika cherehani niliposikia fimbo uani. Nikatupa kila kitu nikakimbia. Mama alikuwa ameshavuka nusu, kanga yake kaifunga kiunoni kama zamani, mguu wa kulia unakwenda kwa kuchora mstari kwenye mchanga mbichi. Nikamfuata kwa nyuma, mikono nimeitanua. Alifika mlangoni mwa choo, akashika mwimo, akageuka.

"Na wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

Nikashusha mikono. Akaingia, akavuta mlango, nikasikia anahangaika na komeo kwa mkono wa kushoto, muda mrefu, mpaka likaingia.